Je, maendeleo huzaa demokrasia?

Msimu wa uchaguzi ukishapita, mabango huchanika na kupeperuka, lakini mabishano hubaki. Kwenye vijiwe vya kahawa vya Mwanjelwa jijini Mbeya, na kule Ipogolo mjini Iringa ambako abiria husubiri magari ya barabara kuu, kauli tatu hurudiwa mwaka nenda, mwaka rudi. Ya kwanza husema kwamba nchi maskini haina haja ya demokrasia kwa sasa: tujenge kwanza barabara, viwanda na shule, na hayo mengine yatakuja yenyewe tukishashiba. Ya pili husema kwamba hata tukishiba haitatufaa, kwa kuwa demokrasia ni utamaduni wa Wazungu na sisi tuna wetu. Ya tatu, ambayo mara nyingi hutoka kwa wazee, hulaumu simu na maisha ya mjini kwa kuwaondolea vijana heshima, na huyaona madai yote ya haki na uwazi kuwa ni matokeo ya utovu huo wa adabu.

Kauli hizi zinapingana, ingawa si ajabu kuzisikia zote kwa mtu yuleyule katika kikao kimoja. Ya kwanza inadai kwamba maendeleo yataleta demokrasia, ya pili inadai kwamba hayawezi kuileta, na ya tatu inalalamika kwamba yameanza kuileta. Nyuma yake kuna swali ambalo wataalamu wa siasa wamelichimba kwa zaidi ya miaka 60: nchi inapokwenda na wakati, na yale ambayo watu wake wanayathamini yanapobadilika, je, demokrasia hufuata?

Tuanze na maneno matatu, maana watu wengi hubishana kwa sababu tu kila mmoja analitumia neno kwa maana yake. Kwa usasa simaanishi suruali ya kubana wala muziki wa ng'ambo. Wataalamu wanamaanisha mabadiliko ya namna watu wanavyopata riziki na kuishi: kutoka kilimo cha jembe la mkono kinachotegemea ukoo kwenda kwenye biashara, viwanda na ofisi, kutoka kijijini kwenda mjini, kutoka kusikia habari kwa jirani kwenda kuzisoma. Mkazi wa Uyole aliyemaliza kidato cha nne, anayeuza vipuri vya pikipiki na kupokea malipo kwa simu, amekwisha kuingia katika usasa hata kama hakosi kanisani Jumapili, na hata kama mahari ya binti yake aliipokea kwa kufuata taratibu zote za Kisafwa. Tunu ni mambo ambayo watu huyaona yana thamani kiasi cha kuyafundisha kwa watoto wao na kuyatetea: heshima kwa wakubwa, imani ya dini, uhuru wa kujichagulia mwenza, usawa wa mwanamke na mwanamume, na kadhalika.

Demokrasia ndiyo inayopotoshwa zaidi, kwa sababu watu wengi wanaichukulia kuwa ni kura tu. Wasomaji wenye umri mkubwa watakumbuka uchaguzi wa zama za chama kimoja, ambapo wagombea ubunge wawili wa chama kilekile walipewa alama ya jembe na nyumba, na mgombea urais alikuwa mmoja, anayepigiwa kura ya ndiyo au hapana. Katika uchaguzi wa namna hiyo mwaka 1965 baadhi ya mawaziri waliangushwa na wapiga kura, kwa hiyo haukuwa mchezo wa kuigiza. Lakini hakuna aliyeweza kukiondoa chama. Demokrasia kwa maana ninayoitumia hapa ni utaratibu ambao wananchi wanaweza kuwaondoa watawala wao kwa amani, kwa kura inayohesabiwa kwa haki, na ambao, kati ya uchaguzi mmoja na mwingine, wanaweza kuuliza, kukosoa na kukusanyika bila kuadhibiwa.

Sasa tuingie kwenye hoja yenyewe. Mwaka 1959 mwanasosholojia wa Marekani, Seymour Martin Lipset, alilinganisha mataifa kwa utajiri, viwanda, ukuaji wa miji na elimu, akaona kwamba yale yenye demokrasia imara yalikuwa mbele katika yote manne. Maelezo yake ni rahisi kuyafuata. Elimu humzoesha mtu kusikiliza maoni yasiyo yake, watu wa kipato cha kati wanapoongezeka siasa hupoa kwa kuwa wengi wana kitu cha kupoteza, na watu wanaoishi mijini huunda vyama vya wafanyakazi, vya wafanyabiashara na vya kidini ambavyo serikali haiwezi kuvipuuza kirahisi. Kutoka hapo ilizaliwa imani kwamba nchi ikipanda ngazi ya uchumi, demokrasia itaisubiri pale juu. Kauli ya kwanza ya kijiweni ni mjukuu wa imani hiyo, hata kama msemaji hajapata kulisikia jina la Lipset.

Hata hivyo, vitu viwili kuonekana pamoja hakutuambii kipi kilimleta mwenziwe. Mwaka 1997 Adam Przeworski, mzaliwa wa Poland, na Fernando Limongi wa Brazil waliligawa swali katika sehemu mbili: je, utajiri huizaa demokrasia, au huilinda tu pale ilipokwisha kuzaliwa? Walipopitia kumbukumbu za nchi nyingi kati ya mwaka 1950 na 1990, waliona kwamba tawala za mabavu hazikuwa zikiporomoka kwa sababu tu ya kutajirika. Nyingine zilitajirika zikaendelea kutawala, nyingine zilianguka zikiwa maskini kabisa. Lakini demokrasia iliyokwisha kuwapo ilikuwa na uhai mrefu zaidi kadiri nchi ilivyokuwa na kipato kikubwa. Katika kipindi chote hicho hapakuwa na demokrasia hata moja iliyovunjika katika nchi yenye kipato cha mtu mmoja kinachozidi dola 6,055 kwa mwaka, ambacho ndicho kilikuwa kipato cha Argentina mwaka 1975, muda mfupi kabla jeshi halijachukua nchi Machi 1976. (Hizo ni dola za bei za mwaka 1985, kwa hiyo msomaji asizilinganishe moja kwa moja na dola 1,080 ambazo Benki ya Dunia ilizitumia mwaka 2020 kuiingiza Tanzania katika kundi la uchumi wa kati wa chini.) Wasomi wengine, wakiwemo Carles Boix na Susan Stokes mwaka 2003, walijibu kwamba ukirudi nyuma ya mwaka 1950 utaona utajiri nao huchangia kuizaa demokrasia. Ubishi huo haujaisha, lakini tofauti kati ya kuzaa na kulinda imebaki kuwa ya msingi.

Mkulima wa parachichi wa Njombe au Rungwe ataielewa tofauti hiyo upesi kuliko wengi. Mbolea na maji huukuza mti na kuulinda usife kiangazi, lakini havichagui tunda. Ukiotesha kokwa la parachichi ulilookota sokoni, huna hakika utavuna nini. Ukitaka parachichi la aina ya Hass, sharti ubebeshe kijiti cha Hass juu ya mche, kwa mkono, kwa kukusudia, na ufunge kidonda vizuri mpaka vishikane. Utajiri na elimu ni mbolea na maji. Katiba, mahakama, vyama huru na vyombo vya habari ndicho kijiti, na lazima apatikane mtu wa kukibebesha. Ndiyo maana Singapore imetajirika kupita nchi nyingi za Ulaya ilhali chama kilichoingia madarakani mwaka 1959 kinatawala mpaka leo, na India imekuwa ikibadilisha serikali kwa kura tangu ilipokuwa maskini wa kutupwa.

Mpaka hapa tumezungumzia fedha na elimu. Tunu zinaingilia wapi? Aliyelishughulikia jambo hili kwa muda mrefu zaidi ni Ronald Inglehart wa Chuo Kikuu cha Michigan, ambaye baadaye alifanya kazi na Mjerumani Christian Welzel. Kupitia Utafiti wa Tunu Duniani, ulioanza mwaka 1981 na kurudiwa kila baada ya miaka kadhaa katika nchi nyingi, walifikia hoja kwamba usasa hubadilisha tunu kwa hatua mbili zisizofanana, na kwamba kuzichanganya hatua hizo ndiko kunakowapoteza watu.

Hatua ya kwanza ni ya viwanda. Mtu anayetoka shambani na kuingia kiwandani huacha kuitazama mvua na kuanza kuitazama saa. Mamlaka juu yake huhama kutoka kwa mzee wa ukoo na kiongozi wa dini kwenda kwa mhandisi, msimamizi na afisa wa serikali. Lakini mamlaka kuhama si sawa na mamlaka kupungua. Bado anapangiwa, anapigiwa king'ora, anavaa sare na kufanya kile wanachofanya wenzake elfu moja. Hatua hii inaweza kuambatana na demokrasia, na inaweza kuambatana na udikteta wa kutisha. Ujerumani ya mwaka 1933 ilikuwa na vyuo vikuu na viwanda vya kuonewa wivu na dunia nzima, na humohumo ndimo Hitler alimoingilia. Umoja wa Kisovieti ulijenga viwanda kwa kasi bila kumruhusu raia kuchagua.

Kwetu Nyanda za Juu Kusini mfano uko karibu. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Barabara kuu ya kwenda Zambia iliwekwa lami. Shule za msingi zilienea vijijini, kampeni za kisomo zikawafikia hata bibi zetu, na baadaye Mufindi ikapata kiwanda cha karatasi cha Mgololo na Songwe ikapata kiwanda cha saruji. Huo ulikuwa usasa wa wazi, tena wa haraka, na ulipita wote ndani ya mfumo wa chama kimoja. Hakuna aliyeipanda treni pale Iyunga akashuka na vyama vingi.

Hatua ya pili ndiyo inayohusiana zaidi na demokrasia. Huja pale watu wengi wanapoacha kuhofia kesho watakula nini, na kazi zao zinapodai uamuzi wao wenyewe badala ya kutii king'ora: biashara, huduma, ufundi, taaluma. Hapo, wanasema Inglehart na Welzel, tunu hugeuka. Watu huanza kuthamini sauti yao, kutaka kuelezwa sababu ya amri, kuvumilia waliotofautiana nao na kumwamini hata wasiyemfahamu. Na hapa wanatoa tahadhari moja nzuri. Ukimuuliza mtu yeyote duniani kama anaipenda demokrasia, karibu kila mmoja atasema ndiyo, kwa sababu neno lenyewe linapendeza. Kwa hiyo mtafiti mzuri hamuulizi hivyo tu. Humuuliza kama anakubali watu asiowapenda wafanye mkutano, kama anaamini kwamba wanaume wanastahili uongozi kuliko wanawake, kama yuko tayari kutia saini malalamiko yenye jina lake. Afrobarometa, mradi wa kupima maoni ya Waafrika ulioanza mwaka 1999, nao hufanya vivyo hivyo: haikomei kuuliza kama mtu anaitaka demokrasia, huuliza pia kama anaukataa utawala wa jeshi, wa chama kimoja na wa mtu mmoja. Takriban theluthi mbili ya Waafrika wanaohojiwa husema wanaipendelea demokrasia kuliko mfumo mwingine wowote. Wanaokataa pia hizo njia mbadala zote kwa pamoja ni wachache kuliko hao.

Nikilazimishwa kuchagua jambo moja katika mlolongo huu wote, sitachagua kipato wala idadi ya shule. Nitauliza: riziki ya mtu huyu inategemea hisani ya nani? Nchi za Ghuba zina fedha nyingi kuliko tunavyoweza kuhesabu, lakini fedha hiyo hutoka kwenye kisima cha mafuta na kupita mkononi mwa mtawala kabla haijamfikia raia, na raia huipokea kwa shukrani. Fedha ya namna hiyo hubadilisha magari na majengo kuliko inavyobadilisha uhusiano wa mtu na mkubwa wake. Mwenye kipato kidogo alichokichuma mwenyewe, ambacho hakuna ofisa anayeweza kukizuia kwa kalamu, anaweza kuwa huru zaidi.

Nililiona jambo hili kwa macho katika mkutano mkuu wa kijiji kimoja wilayani Mufindi. Kwa sheria zetu za serikali za mitaa, mkutano huo ni wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, na humo ndimo taarifa ya mapato na matumizi husomwa. Watu walikaa kwenye nyasi nje ya ofisi ya kijiji, wazee kwenye benchi mbele, akina mama upande mmoja wakiwa wamejifunika mablanketi kwa sababu ya baridi. Mtendaji alisoma makusanyo ya ushuru wa mbao na michango ya zahanati, akashuka kwenye matumizi, na mwishoni akataja kiasi kikubwa kilichoandikwa "mengineyo". Alikuwa amekwisha kufunga daftari pale mama mmoja aliposimama. Alisalimia kwanza, "Kamwene," wakamwitikia, kisha akapiga goti kidogo kuelekea kwenye benchi: "Shikamooni wazee. Shikamoo mwenyekiti. Naomba tu nieleweshwe, hayo mengineyo ni mengineyo gani? Na stakabadhi zake tunaweza kuziona?"

Kulitokea manung'uniko. Mzee mmoja alisema wanawake wa siku hizi hawajui kusubiri. Mwingine, mkubwa kuliko yule, alimjibu bila hata kugeuka: "Mwacheni aulize. Hela ni ya kwetu sote." Ikakubaliwa stakabadhi zibandikwe ukutani.

Mama yule ana shamba lake la misindano, huuza mbao kwa wanunuzi wanaotoka Makambako na fedha yake huingia kwenye simu. Hana deni kwa mtu yeyote pale kijijini. Baada ya mkutano nilimuuliza kijana aliyekuwa amekaa pembeni yangu, ambaye alikuwa akitikisa kichwa muda wote wa taarifa, kwa nini yeye hakuuliza. Alinijibu kwa sauti ya chini: "Kaka, mimi shamba nimekodi kwa mjumbe. Nikisimama pale, mwakani nitalima wapi?" Kijana huyo amesoma kuliko yule mama, ana simu kubwa kuliko yake, na habari za dunia anazo zote. Kwa vipimo vya kawaida vya usasa yeye ndiye wa kisasa zaidi.

Nimelieleza tukio hilo kwa urefu kwa sababu linaigusa kauli ya tatu ya kijiweni pia. Mama yule hakuiacha heshima. Alipiga goti na akauliza. Wale wanaodhani kwamba tunu ni kama maji ndani ya ndoo moja, kwamba uhuru ukiongezeka lazima heshima imwagike, wanapaswa kueleza jinsi mambo mawili hayo yalivyokaa pamoja ndani ya dakika moja. Tafiti za Inglehart zenyewe zinaonyesha kwamba jamii hazifanani hata zikitajirika. Japani na Sweden zote ni tajiri na zote ni za kidemokrasia, lakini namna zinavyowatendea wazee na kuishi na wageni ni tofauti kabisa, kwa kuwa kila jamii hubeba dini na historia yake ndani ya usasa. Kuhusu simu nitasema kidogo tu. Zimerahisisha kuuliza na zimerahisisha kudanganya, na kwa kijana yule hazikusaidia lolote, maana alichokosa si habari.

Sasa tuvuke mpaka, kwa sababu majirani zetu wawili wanatufundisha mengi kuliko Ulaya. Mtu wa Kyela akipita Kasumulu na kuvuka Mto Songwe yuko Malawi, mojawapo ya nchi maskini kabisa duniani, yenye watu wengi wanaoishi vijijini. Kwa hoja ya kwamba tushibe kwanza, Malawi haikupaswa hata kuianza safari. Lakini Machi 1992 maaskofu wa Kikatoliki walisomesha barua makanisani kuukosoa utawala wa Kamuzu Banda, aliyekuwa ametangazwa rais wa maisha tangu 1971. Juni 1993 wananchi walipiga kura ya maoni na kuchagua vyama vingi. Na mwaka 1994 Banda alishindwa na kuondoka. Miaka 26 baadaye, Februari 2020, majaji watano walifuta uchaguzi wa rais wa mwaka 2019, ambao fomu zake za matokeo zilikuwa zimefutwafutwa kwa wino mweupe wa kusahihishia. Majaji hao walifika mahakamani wakisindikizwa na wanajeshi na wakiwa wamevaa fulana za kuzuia risasi. Uchaguzi ulirudiwa Juni mwaka huohuo na mgombea wa upinzani, Lazarus Chakwera, akashinda. Kipato cha Mmalawi hakikuwa kimepanda ghafla. Kulikuwa na mahakama iliyokataa kutishwa, jeshi lililokaa pembeni, na watu waliokuwa wameandamana kwa miezi.

Upande wa Tunduma hadithi ni tofauti, na kwangu mimi ndiyo yenye mafunzo mengi zaidi. Zambia ilipopata uhuru mwaka 1964 ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zenye watu wengi mijini, kwa sababu ya migodi ya shaba. Demokrasia ya vyama vingi haikurudi pale shaba ilipokuwa na bei nzuri. Ilirudi baada ya bei kuanguka, madeni kupanda na bei ya unga wa mahindi kuzua ghasia mwaka 1986 na tena 1990. Oktoba 1991 Kenneth Kaunda alishindwa na Frederick Chiluba, akakubali matokeo. Ukiishia hapo utasema umaskini ndio ulioleta demokrasia, na hilo pia ni kosa, kwa sababu njaa imeshaangusha serikali nyingi bila kuleta cha maana baada yake. Chiluba alikuwa kiongozi wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Vyama hivyo vilizaliwa migodini na kwenye reli, kwa wafanyakazi waliojifunza kwa miaka mingi kuchagua viongozi wao, kukusanya ada na kugoma kwa mpango. Usasa uliwapa chombo, na shida ya uchumi ikawapa sababu ya kukitumia. Mkazi wa Nakonde aliyempigia kura Hakainde Hichilema mwaka 2021, katika jaribio lake la sita la kuutafuta urais, alikuwa akitembea kwenye njia iliyochimbwa na watu hao.

Imebaki kauli ya pili, ya kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Mwenye kauli hii huwa anazungumza kana kwamba mila zetu ni moja. Hebu tuwatazame majirani wawili wa humuhumu. Wanyakyusa, kama walivyoelezwa na Monica na Godfrey Wilson waliofanya utafiti Rungwe na Kyela miaka ya 1930, waliishi katika vijiji vya rika: vijana walitoka kwa wazazi wao na kujenga kijiji chao pamoja na wenzao wa umri mmoja, na mara moja kwa kila kizazi ilifanyika sherehe ya ubusoka, ambapo uongozi wa nchi ulikabidhiwa kwa kizazi kilichofuata wazee wangali hai. Wahehe, upande wa Iringa, walijenga katika nusu ya pili ya karne ya 19, chini ya Munyigumba na kisha mwanawe Mkwawa, dola ya kijeshi yenye mamlaka yaliyokusanywa mahali pamoja, na dola hiyo ndiyo iliyowapiga Wajerumani pale Lugalo mwaka 1891. Anayesema utamaduni wa Mwafrika ni kumtii mkubwa mpaka kufa, na anayesema utamaduni wa Mwafrika ni wazee kukaa chini ya mti na kuzungumza hadi wakubaliane, kama Mwalimu Nyerere alivyopenda kueleza alipoutetea mfumo wa chama kimoja, wote wawili watapata ushahidi, na wote wawili watakuwa wameacha nusu yake. Na tuseme kweli: chini ya mti ule wanawake na vijana kwa kawaida hawakuwa na kauli.

Ulaya nayo haikuzaliwa na demokrasia. Wanawake wa Uswisi walipata haki ya kupiga kura kitaifa mwaka 1971, wakati wanawake wa Tanganyika walikwisha kupiga kura ya kumchagua rais mwaka 1962. Mpaka katikati ya miaka ya 1970 palikuwa na wasomi waliodai kwamba utamaduni wa Kikatoliki hauelewani na demokrasia, wakiwaonyeshea kidole Ureno na Hispania; nchi zote mbili zikageuka ndani ya miaka michache. Dai hilohilo likahamishiwa kwa mafundisho ya Confucius, mwanafalsafa wa kale wa China, mpaka Korea Kusini ilipofanya mageuzi mwaka 1987 na Taiwan kumchagua rais wake kwa kura ya wananchi wote mwaka 1996.

Linabaki swali la muda, ambalo husumbua wengi hapa kwetu. Majimbo ya Mbeya Mjini na Iringa Mjini yaliwachagua wabunge wa upinzani, Joseph Mbilinyi na Mchungaji Peter Msigwa, mwaka 2010 na tena 2015. Mwaka 2020 yote mawili yalitangazwa kurudi chama tawala. Kuna waliosema mwaka 2015 kwamba watu wa mijini wamekuwa wa kisasa na hawatarudi nyuma, na kuna waliosema mwaka 2020 kwamba usasa huo ulikuwa wa kupita. Wote walikuwa wakipima kitu kwa chombo kisicho chake. Tunu haziwezi kugeuka mji mzima ndani ya miaka mitano kisha zikarudi zilikotoka. Kinachoweza kubadilika kwa kasi hiyo ni kanuni, wagombea, woga, fedha za kampeni na namna uchaguzi unavyosimamiwa.

Tunu hutembea kwa mwendo wa vizazi. Inglehart anaeleza kwamba mtu hujenga sehemu kubwa ya anachokithamini katika ujana wake na kukaa nacho maisha yote, kwa hiyo jamii hubadilika zaidi kwa vizazi kupokezana kuliko kwa watu wazima kugeuza mawazo. Tume ya Jaji Nyalali ilipozunguka nchi mwaka 1991 kuwauliza wananchi kama wanataka chama kimoja au vyama vingi, takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, na tume ikapendekeza vyama vingi hata hivyo. Sheria ikabadilishwa mwaka 1992. Wengi wa waliosema maneno yale walikuwa wamekua wakati ambapo chama, serikali na nchi vilikuwa kitu kimoja. Watanzania walio wengi leo wamezaliwa baada ya hapo. Ujana wao wameupitia kwenye vikoba vinavyobadilisha mwenyekiti, kwenye vyama vya ushirika ambako mwanachama mwenye hisa nyingi na mwenye hisa chache wana kura moja moja, na kwenye mabaraza ya ardhi ya vijiji ambayo kwa sheria ya mwaka 1999 lazima watatu kati ya wajumbe wake saba wawe wanawake. Ujana huohuo wameupitia pia kwenye mashamba ya kukodi kwa mjumbe. Kati ya hayo mawili, lipi limewafundisha zaidi ni jambo litakaloanza kuonekana wao watakapokuwa ndio wenyeviti na watendaji, wakiulizwa swali kuhusu "mengineyo" na mtu aliyesimama kwenye nyasi.